Mwongozo Kamili wa Kulenga Shabaha Majira ya Baridi kwa Bunduki ya Lee-Enfield, kwa Heshima ya Wazee Waliopigana Vita

Kila Novemba, theluji ya kwanza inapotanda hapa Edmonton, maswali yale yale hunijia kutoka kwa Waswahili wenzangu wanaoishi Kanada. Mtu amenunua bunduki ya zamani ya Lee-Enfield kwa sababu babu yake aliibeba akiwa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), anataka kuifyatua uwanjani kwa heshima ya mzee huyo, lakini anarudi nyumbani amevunjika moyo. Bolti, kile chuma kinachofungua na kufunga nyuma ya mtutu, iligoma, tundu la kulengea liliziba kwa barafu, na matundu kwenye karatasi yalitawanyika kama mtama uliomwagika.

Wengi huilaumu bunduki kwa uzee wake, na hapo ndipo wanapokosea. Kikosi cha Canadian Rangers, kinacholinda maeneo ya kaskazini kabisa ya nchi hii, kiliitumia Lee-Enfield Namba 4 kwa miongo mingi, hadi miaka ya 2010 ilipoanza kubadilishwa, na kiliitumia huko kwenye baridi kali kuliko yoyote tutakayoiona sisi. Kinachoshindwa kwenye baridi kwa kawaida ni mafuta yaliyoachwa ndani ya bunduki, unyevu ulioletwa kutoka nyumbani na mikono ya mpigaji. Mambo hayo matatu yanarekebishika, na mwongozo huu unayashughulikia hatua kwa hatua.

Maelezo yanahusu Namba 4, aina iliyotengenezwa Uingereza, Marekani na hapa Kanada katika kiwanda cha Long Branch, Ontario. Mwenye Namba 1 Mark III, ile ya Vita ya Kwanza ya Dunia, atafuata hatua zile zile isipokuwa sehemu ya kulengea, ambayo kwake haina tundu bali ina mfuo ulio wazi juu ya mtutu.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya yote

- Leseni yako ya silaha na kitambulisho.
- Bunduki, kufuli ya triga na begi gumu linalofungwa.
- Risasi 40 mpya za .303 British na klipu mbili za risasi tano tano.
- Vizibo vya masikio pamoja na vikinga masikio vya kuvaa juu yake, na miwani ya usalama isiyoshika ukungu.
- Glavu nyembamba za sufi na juu yake glavu nene za mfuko, zisizotenganisha vidole.
- Mkeka wa sponji au turubai, na mfuko mdogo wa mchanga wa kuegemezea.
- Fimbo ya kusafishia yenye urefu wa kupita mtutu wote, vitambaa vya pamba na brashi ndogo laini.
- Mafuta ya taa au spiriti ya kuondolea mafuta, na poda ya grafaiti.
- Karatasi za shabaha zenye duara jeusi, stepla, daftari na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye baridi.
- Darubini ya kutazamia matundu.
- Chupa ya chai ya moto. Mwili uliopoa hutetemeka, na mtu anayetetemeka hawezi kutuliza bunduki.

## Hatua ya 1: Kuhakikisha uko ndani ya sheria

Kanada haikubali mtu awe na bunduki ya namna hii bila leseni ya kumiliki na kupata silaha, inayojulikana kwa kifupi kama PAL. Ili kuipata ni lazima upite kozi ya usalama wa bunduki, ufaulu mitihani yake na uchunguzwe na polisi. Si lazima uwe raia. Mgeni wako asiye na leseni anaweza kufyatua bunduki yako ikiwa wewe mwenye leseni umesimama karibu naye na kumsimamia moja kwa moja, jambo linalofaa sana pale ambapo shangazi au mjomba aliyekuja kutembea anataka kushiriki.

Orodha za silaha zinazoruhusiwa hubadilishwa mara kwa mara. Kwa hiyo angalia orodha ya RCMP, yaani polisi wa kitaifa, kabla ya kununua na tena kabla ya msimu. Usitegemee neno la muuzaji.

Wasomaji walioko Marekani wajue kwamba kule mambo ni tofauti. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida hakubaliwi hata kuishika, isipokuwa ametimiza masharti maalumu. Kosa hilo linaweza kumtoa mtu nchini. Aulize mwanasheria kwanza.

Tumia uwanja wa shabaha ulioidhinishwa pekee. Ziwa lililoganda halifai hata kidogo, kwa sababu kichwa cha risasi kikigusa barafu huruka upande usioweza kuukisia.

## Hatua ya 2: Kuikagua bunduki

Toa bolti, ile inayofungua na kufunga chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inamokaa. Linganisha namba iliyochongwa kwenye mkono wa bolti na namba iliyo kwenye mwili wa bunduki nyuma ya chemba. Zikilingana, ni dalili nzuri. Zisipolingana, usifyatue risasi hata moja kabla fundi bunduki hajaipima.

Sababu ni hii: kichwa cha bolti ya Namba 4 kilitengenezwa kwa vipimo kadhaa, vilivyowekewa namba kuanzia 0 hadi 3, na fundi wa jeshi alichagua kile kinachoacha nafasi sahihi nyuma ya risasi. Nafasi ikizidi, ganda la shaba hutanuka na linaweza kukatika ndani ya chemba, na gesi ya moto ikarudi kuelekea usoni. Fundi ana vipimo maalumu vya kazi hiyo, naye huimaliza kwa dakika chache. Hata bunduki yenye namba zinazolingana ninashauri ipimwe mara moja, kwa kuwa imepita mikono mingi kabla ya kufika kwako.

Kisha tazama ndani ya mtutu kwa kutumia mwanga. Mifuo, yaani mistari iliyochongwa ndani ya mtutu ili kuizungusha risasi, ikiwa miwili badala ya mitano si kasoro: wakati wa vita mitutu mingi ilichongwa mifuo miwili ili kuharakisha kazi, na hupiga vizuri. Mashimo ya kutu yaliyo karibu na mdomo wa mtutu ndiyo yanayoharibu shabaha.

Mwisho kagua mbao. Hewa ya ndani ya nyumba zetu wakati wa baridi ni kavu mno kwa sababu ya mitambo ya kupasha joto, na mbao ya miaka 80 hunywea. Kaza skrubu kubwa iliyo mbele ya triga, kisha rudisha bolti, vuta triga chemba ikiwa tupu na usikilize kama kuna kitu kinachocheza. Ukishika mtutu na mbao ukasikia vinachezacheza, mpelekee fundi. Mtutu wa Namba 4 umekusudiwa kusukumwa juu kidogo na mbao karibu na mdomo, na msukumo huo ukipotea risasi hutawanyika bila kujali umahiri wa mpigaji.

Utajua umefaulu ikiwa fundi amekubali nafasi ya bolti, skrubu zimekaza na hakuna mlio wa kitu kinachocheza unapoitikisa bunduki.

## Hatua ya 3: Kuchagua risasi

Nunua risasi mpya za kiwandani zenye kichwa cha greni 174 au 180 (greni ni kipimo kidogo cha uzito). Uzito wa greni 174 ndio wa risasi ya jeshi ya Mark VII, ambayo vipimo vya kulengea vya bunduki hii viliwekwa kuifuata, kwa hiyo hutahangaika sana na marekebisho.

Epuka risasi za zamani za jeshi hata zikiuzwa kwa bei nafuu. Fataki zake nyingi, yaani vile vidonge vya kwenye tako la risasi vinavyowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu na kula chuma kwa siku chache tu. Isitoshe, baruti iliyozeeka huweza kuchelewa kuwaka.

Soma maandishi yaliyo kwenye tako la kila ganda. Yanapaswa kusomeka .303 British. Risasi za .308 Winchester na .30-30 ni nyingine kabisa na hazipaswi kukaa kwenye mfuko mmoja nazo.

## Hatua ya 4: Kuondoa mafuta yote

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi. Mafuta mazito au grisi yakifika nyuzi 20 chini ya sifuri huwa kama asali iliyoganda. Ndani ya bolti kuna pini ya kufyatulia na springi yake, na pini hiyo ikipita kwenye mafuta yaliyoganda huigonga fataki kwa udhaifu. Unasikia mlio mdogo tu, risasi haitoki, nawe unadhani risasi ni mbovu.

Fanya kazi hii nje au kwenye gereji iliyo wazi, mbali na moto wowote. Fungua kichwa cha bolti kwa kukizungusha kwa mkono, kisha tumbukiza bolti nzima kwenye mafuta ya taa kwa saa kadhaa, ukiitikisa mara kwa mara hadi uchafu wa kahawia uache kutoka. Kuitoa pini yenyewe kunahitaji kifaa maalumu, kwa hiyo usijaribu kuifungua kwa koleo, utaiharibu. Ikauke kabisa. Pangusa pia njia ya bolti, triga na ndani ya magazini, kile kisanduku cha risasi. Mahali pa chuma kusugua chuma, paka poda kidogo ya grafaiti kwa kidole, ambayo haigandi.

Unaporudisha kichwa cha bolti, kizungushe hadi mwisho na ukilinganishe vizuri na mbavu yake. Ndani ya chemba na mtutu pasiwe na mafuta hata tone. Bolti ya Lee-Enfield hujifunga kwa nyuma, na risasi yenye mafuta au maji haishiki kuta za chemba inavyopaswa, hivyo nguvu yote huangukia bolti.

Utajua umefaulu ukiweka bolti kwenye baridi kwa saa mbili, ukairudisha kwenye bunduki iliyopoa vile vile, nayo ikateleza kwa kidole kimoja.

## Hatua ya 5: Kuilinda bunduki dhidi ya unyevu

Ningeomba msomaji aisome sehemu hii mara mbili, kwa kuwa nimeona watu wakifanya mengine yote vizuri na kuangushwa na hili peke yake.

Chuma baridi kikiingia kwenye hewa ya joto hutoka jasho, kama chupa ya soda inavyotoka jasho ikitolewa kwenye friji kule Mombasa. Chuma hicho chenye jasho kikirudi kwenye baridi, maji yale huganda papo hapo, ndani ya bolti, ndani ya triga na kwenye tundu la kulengea. Mtu anayefyatua risasi kumi, akaingia na bunduki kwenye kibanda chenye jiko ili apashe mikono, kisha akatoka tena, ametengeneza barafu mahali asipoweza kuiona.

Kwa hiyo kanuni ni moja: bunduki ikishapoa, ibaki imepoa hadi kazi iishe. Iweke kwenye buti la gari isikofika hewa ya moto, ikiwa haina risasi, imefungwa kufuli ndani ya begi. Ukifika, liache begi limefungwa uwanjani chini ya macho yako kwa dakika 30 hadi 45 ili chuma kipoe sawasawa. Ingia kwenye kibanda wewe peke yako, naye mwenzako abaki na bunduki. Usiilaze kwenye gari usiku kucha ili ipoe mapema, kwa sababu wezi hawalali.

Risasi nazo zikae kwenye baridi ile ile. Kuna wanaoziweka kwenye mfuko wa kifuani ili ziwe na joto, na matokeo yake ni kwamba risasi ya kwanza ina joto la mwili na ya tano imepoa. Baruti baridi huwaka kwa nguvu pungufu, hivyo kasi hutofautiana na matundu hupanda na kushuka. Zote zikiwa baridi, zitaanguka pamoja.

## Hatua ya 6: Mavazi na mkao

Koti nene hubadilisha kila kitu. Kitako cha bunduki kinasogea mbele, shingo inanyooka, na jicho linakuwa mbali na tundu la kulengea. Jeshi lilitengeneza vitako vya urefu tofauti, vikiwa na herufi S kwa kifupi, N kwa cha kawaida na L kwa kirefu. Ikiwa chako ni L na wewe si mrefu, hutaweza kulenga vizuri ukiwa na koti. Mwombe fundi akubadilishie.

Vaa nguo nyembamba nyingi badala ya koti moja lililotuna. Kwa mkono wa triga vaa glavu nyembamba ya sufi ndani ya ile nene, uvue nene wakati wa kufyatua pekee. Usiguse chuma kwa ngozi tupu.

Idara ya hali ya hewa ya Kanada huonya kwamba kipimo cha baridi na upepo kikiwa kati ya nyuzi 28 na 39 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda katika dakika 10 hadi 30. Siku ya namna hiyo ahirisha. Wazee tunaowaheshimu hawahitaji vidole vyetu.

## Hatua ya 7: Kujaza risasi

Risasi ya .303 ina ukingo unaotokeza kwenye tako lake, na ukingo huo ndio chanzo cha kukwama. Ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa risasi iliyo chini yake, bolti huisukuma ya juu nayo ikaivuta ya chini, zikafungana.

Kwenye klipu, panga ya kwanza, ya tatu na ya tano zikae chini, na ya pili na ya nne zikae juu. Kwa mpangilio huo klipu inaweza kuingizwa kwa upande wowote. Elekeza mdomo wa mtutu kwenye shabaha, fungua bolti, simamisha klipu kwenye mwanya wake na usukume risasi chini kwa dole gumba kwa msukumo mmoja usiokatika, kisha ondoa klipu kwa mkono. Ukisukuma kwa kusitasita, kingo hupishana vibaya. Ukijaza moja moja kwa mkono, hakikisha kila ukingo unatangulia mbele ya ule ulio chini yake.

Zikikwama, usilazimishe. Rudisha bolti nyuma, toa magazini, zimwage na uanze upya.

## Hatua ya 8: Kulenga na kufyatua

Lala kifudifudi kwenye mkeka, egemeza mbao ya mbele kwenye mfuko wa mchanga, kamwe si mtutu. Anza na mita 100.

Onyo kubwa kuliko yote: mdomo wa mtutu usiguse theluji. Theluji kidogo tu iliyoziba ndani inaweza kuupasua mtutu. Ukigusa, au ukishuku tu kwamba umegusa, toa risasi zote, ondoa bolti na upitishe fimbo mtutu mzima kabla ya kuendelea.

Tundu la nyuma ni dogo, na pumzi yako ina mvuke. Usilipulize, kwa sababu mvuke utaganda humo humo, tumia brashi. Pumua kwa pua, toa hewa ikielekea chini, subiri wingu la pumzi litawanyike, kisha zuia pumzi kwa sekunde sita hadi nane. Ukizidisha, jicho huanza kuona ukungu. Shusha, pumua, anza tena.

Tazama bapa la mbele, kile kipande chembamba cha kulengea kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu, si shabaha. Bapa liwe kali na wazi, shabaha iwe na ukungu kidogo, na jicho litaliweka lenyewe katikati ya tundu. Siku ya jua, mng'ao wa theluji hulifanya bapa jeusi lionekane limefifia ubavuni, nawe bila kujua unalisogeza. Kivuli cha turubai juu ya kichwa husaidia sana.

Triga ya bunduki hii ina hatua mbili. Ya kwanza ni nyepesi na ndefu. Ivute hadi uhisi ukuta. Ya pili ndiyo inayofyatua, nayo inataka msukumo unaoongezeka polepole. Wengi wenye glavu hupita hatua zote mbili kwa mkupuo, na hapo ndipo matundu ya chini kushoto au chini kulia yanapotokea. Fanya mazoezi ya kuutafuta ukuta ule ukiwa nyumbani, bunduki ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine, ukiwa umevaa glavu zile zile.

Ukivuta na risasi isitoke, iache bunduki ielekee shabaha na uhesabu sekunde 60 kabla ya kufungua bolti, kwani baruti inaweza kuwaka kwa kuchelewa. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, acha kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaulipua.

## Hatua ya 9: Kurekebisha shabaha

Fyatua risasi tano kwa pumziko la dakika moja kati yake, kisha tafuta katikati ya kundi zima la matundu. Usirekebishe kwa kutazama tundu moja.

Namba 4 hurekebishwa kwa kubadilisha bapa la mbele. Kundi likiwa juu, weka bapa refu zaidi; likiwa chini, weka fupi zaidi. Mabapa yalitengenezwa kwa hatua za inchi 0.015, na kila hatua huhamisha risasi kwa takriban sentimeta 5 katika mita 100. Kundi likielekea kulia, bapa nalo lisogezwe kulia, yaani linafuata kosa. Kazi hiyo huhitaji kifaa cha kusogezea. Kuligonga kwa nyundo uwanjani, vidole vikiwa vimekufa ganzi, ni kuliharibu.

Kumbuka pia kwamba kipimo cha chini kabisa cha tundu la kawaida ni yadi 200, au yadi 300 kwa lile la kukunja, kwa hiyo kundi kukaa juu kidogo katika mita 100 ni jambo la kutarajiwa. Wala usikimbilie kulaumu baridi. Ni kweli kwamba risasi hupungua kasi, lakini katika mita 100 tofauti ni ndogo mno. Matundu yakitawanyika kwa shubiri nzima, rudi kwenye hatua ya 2 na ya 8.

Utajua umefaulu ikiwa risasi tano zinaingia ndani ya duara la sentimeta 10. Kwa bunduki ya vita isiyo na darubini, kwenye theluji, hiyo ni kazi nzuri.

## Hatua ya 10: Risasi 11 za heshima

Asubuhi ya tarehe 11 Novemba si ya uwanja wa shabaha. Nenda kwenye mnara wa kumbukumbu wa mji wako, ukiwa umebandika ua jekundu la popi upande wa kushoto wa kifua, usimame kimya kwa dakika mbili saa tano kamili asubuhi. Alasiri hapa Edmonton jua linazama kabla ya saa kumi na moja, hivyo watu wengi hupendelea Jumamosi inayofuata. Mimi hupendelea tarehe iliyo karibu na 25 Novemba, kwa sababu ni siku hiyo ya mwaka 1918, Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, ndipo vita ya kwanza ilipokoma kwa watu wa Afrika Mashariki, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Utaratibu ninaoufuata ni huu. Risasi ya kwanza hufyatuliwa kwenye tuta la udongo bila kuhesabiwa. Ina sababu ya kiufundi: mtutu uliosafishwa na kupoa hupeleka risasi yake ya kwanza mahali tofauti na zinazofuata. Kisha klipu ya kwanza, risasi tano polepole, kwa askari wa Keya, wa kuanzia mapambano ya Tanganyika hadi wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walioshuka bonde la Kabaw kule Burma mwaka 1944 katika mvua na malaria. Klipu ya pili ni kwa wapagazi, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika vita ya kwanza wakibeba mizigo ya wengine, na ambao jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu kila tunapotaja Kariakoo. Jumla ni 11.

Usiandike jina la marehemu kwenye karatasi ya shabaha. Jina la mzee halipigwi risasi. Liandike kwenye daftari, juu ya matokeo ya siku hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo tumia duara jeusi, si umbo la mtu.

Ikiwa mzee aliyepigana vita yoyote, au askari wa kulinda amani aliyestaafu, yuko pamoja nanyi, muulize faraghani kabla ya siku kama milio itamsumbua. Wapo wanaotamani kushika bunduki tena, na wapo ambao mlio mmoja huwarudisha mahali wasipotaka kwenda. Aliyekataa apewe kiti ndani ya kibanda na chai, na awe yeye wa kupokea karatasi mwishoni.

## Hatua ya 11: Kurudi nyumbani na kusafisha

Kabla ya kuondoka, toa risasi zote, tazama chemba kwa jicho na uiguse kwa kidole chenye glavu, mbele ya msimamizi wa uwanja. Funga bunduki ndani ya begi ukiwa bado nje kwenye baridi.

Ukifika nyumbani, usilifungue begi. Liweke kwenye kabati lake la kufuli kwa saa nne au tano hadi chuma kifikie joto la chumba. Jasho litatokea nje ya begi badala ya kwenye bunduki. Kisha fungua, toa bolti, pangusa unyevu uliobaki na uiache bunduki chini ya macho yako hadi ikauke.

Ikiwa, kinyume na ushauri wangu, ulitumia risasi za zamani za jeshi, anza kwa maji ya moto. Mimina lita moja kupitia chemba kwa kutumia faneli, mdomo wa mtutu ukielekea chini, kwa sababu chumvi huyeyuka kwenye maji na haiyeyuki kwenye mafuta. Kausha kwa vitambaa hadi kitoke kimoja kikavu kabisa. Baada ya hapo ndipo dawa ya kusafishia mtutu na utando mwembamba wa mafuta vifuate. Mafuta hayo utayaondoa tena kabla ya siku nyingine ya uwanjani.

Paka mbao mafuta ya kitani kwa kiganja, kiasi kidogo, uyasugue hadi mkono uhisi joto. Funga kufuli ya triga, na uhifadhi risasi mahali pengine penye kufuli.

Siku ya pili pitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu. Kikitoka na rangi ya kahawia, safisha upya siku hiyo hiyo, na urudie kila siku hadi kitoke cheupe.